Kamba ya Settimia Imelegea

Njooni karibu, Nazzarena na wewe Duilio, acheni kubishana nani atachukua chumba cha dirisha la bondeni, maana baba yenu anakufa na nilicho nacho hakingoji mmalize. Kaeni. Si hapo, Duilio, toka kwenye ukuta huo!

Mnanijua. Fundi mwashi, shule sikumaliza, kuta nilijifunza kwa kuzigongagonga na kuzisikiliza, na mtu akinikosea namwambia usoni mbele ya wazee wote wa benchi la nje ya kanisa. Mji mzima husema Ersilio ana mdomo mkali lakini haongopi. Basi nimeongopa miaka ishirini na sita, na sasa naogopa, wanangu, wala si kufa ninakokuogopa.

Sogezeni kabati. Mnaona ufa, na kipande cha kioo nilichokibandika juu yake kwa plasta, kama tufanyavyo mafundi wa huku: kuta zikitembea, kioo kinapasuka. Hicho ni cha tisa. Zamani kimoja kilikaa miaka mitatu. Cha nane kimepasuka Jumanne, kilidumu siku nne tu. Kila mara nilibandika kingine, nikarudisha kabati, nikaenda kucheza karata; mara hii tu nilitambaa kukibandika, nikarudi kitandani.

Chanzo ni pango letu la divai, hili lililo chini ya nyumba. Babu yenu aliliacha na urefu wa hatua kumi. Mimi nikataka pipa kubwa kuliko la shemeji yangu, kwa hasira tu, na mwamba wetu huu ni laini kama jibini, nikachimba, nikapita chini ya kichochoro, nikafika chini ya jiko la Settimia. Mjane wa watu. Ukuta wake ulipoanza kupasuka akaja kuniuliza, fundi, hii nini? Nikamwambia ni maji ya nguo zako, mama, unafua kama kambi ya jeshi. Watu wakacheka. Tangu siku hiyo tunatukanana kila asubuhi dirisha kwa dirisha, yeye akianika kwenye kamba itokayo kwake hadi kwenye kapi la ukuta wetu, kile kigurudumu kinachopitisha kamba, na Mungu anisamehe, ugomvi ule nimeupenda kuliko kahawa.

Leo mmemsikia. "We mzee Ersilio, hata kitandani huna adabu? Umenilegezea kamba, shuka zangu zinafagia vichwa vya watu!" Nawe Duilio ukamjibu, "Baba hata kijiko hakishiki, mama Settimia, kamba ataiwezea wapi?" Mkacheka wote. Mimi sikucheka. Kamba ile haikulegezwa na mtu. Nyumba zimeinamiana.

Na kesho ni sikukuu. Wanaume thelathini watambeba mtakatifu, ile sanamu nzito, na kama kila mwaka watamtua hapa, katikati ya milango yetu miwili, wanywe divai yetu, mji wote umebanana nyuma yao, watoto mabegani. Juu ya shimo langu.

Basi nyumba msigombanie, nyumba hakuna. Zana zangu ni za Nazzarena, mkono wa ufundi anao. Mizabibu ya bondeni ni yako, Duilio. Sasa nenda kwa meya. Usimpigie simu, atakwambia baada ya sikukuu. Mshike mkono, mlete atazame kioo, umwambie, "Baba yangu ndiye aliyechimba." Sema jina langu. Nazzarena, kamtoe Settimia. Atagoma, atataka kwanza aanue nguo. Usimsikilize, mvute na matusi yake yote, na umwambie, "Ersilio amesema maji ya nguo zako hayakuwa na kosa." Useme kwa sauti, wa benchini wasikie.

Mimi mtanibeba mwisho, na kitanda hiki hiki... Nyamazeni. Kapi limelia? Hakuna anayevuta kamba... Hapana. Ni ukutani. Nendeni, wanangu, Mungu awatangulie, awape nyumba juu ya... juu ya mwamba ambao mtu hajaugusa... Kioo kimepasuka. Mmeona? Mimi niacheni. Settimia kwanza... Settimia.