Bi. Nelci Konrath: Miaka Thelathini na Moja kati ya Kitibeti na Kihunsrik

Ijumaa ya tarehe 29 Agosti, baada ya miaka thelathini na moja ya utumishi, Bi. Nelci Konrath atastaafu kazi ya ukalimani na tafsiri katika hekalu letu la Kibuddha la mlimani, hapa kusini mwa Brazili. Kuanzia Jumatatu yake, atakayetaka kutoka Kitibeti kwenda Kihunsrik, Kijerumani cha wahamiaji wa bonde hili, itambidi azungukie Kireno, na njiani atadondosha nusu ya mzigo.

Bi. Nelci alizaliwa hapa bondeni, katika nyumba ya wakulima wa viazi ambako Kireno kilikuwa lugha ya karani na daktari tu. Babu yake alilazwa korokoroni wakati wa vita, Kijerumani kilipopigwa marufuku, kwa kumfokea fahali wake kwa Kihunsrik mbele ya polisi. Fahali mwenyewe, familia husema hadi leo, hakujua neno la Kireno. Nelci naye alichekwa shuleni kila alipotamka herufi r, akajifunza kunyamaza darasani hata alipokuwa na jibu.

Alikuja kwetu kupokea simu. Wiki ya kwanza alijimwagia maji ya moto mguuni, akatukana kwa Kihunsrik tusi ambalo jarida hili haliwezi kulichapa. Mwalimu Tsultrim alikuwa anapita ukumbini. Mtawa huyo alivuka milima ya theluji akiwa kijana, akawaacha nyuma wazazi na dada yake mkubwa, na Kireno chake kilikuwa kinachechemea kuliko cha Nelci. Alisimama, akalirudia lile tusi kwa lafudhi safi kabisa, kisha akasema, "Nifundishe hiyo lugha. Inaonekana inapoza maumivu." Masomo yao yalianza hivyo, Nelci akimfundisha Mwalimu Kihunsrik cha jikoni, Mwalimu akimfundisha Kitibeti chote.

Wakagombana kwa raha miaka mingi. Kitibeti kina adabu hadi ncha za vidole: kichwa chako ni neno moja, kichwa cha mtu wa heshima ni neno lingine. "Na kwenu?" Mwalimu aliuliza. "Kwetu kichwa ni kichwa, Mwalimu, kiwe cha askofu au cha nguruwe." Waliwahi kukwama juma zima kwenye neno moja tu. Kwa Kitibeti, kumtamani aliye mbali na kumkumbuka ni kitenzi kimoja. Kihunsrik kina neno lake, nalo maana yake ni maumivu ya nyumbani, kama vile nyumba ni jino. Mwalimu alisema watu wetu wanaumwa, watu wake wanakumbuka. Nelci akamjibu kwamba mwenye kuumwa jino hahitaji kukumbushwa.

Mafanikio yake yanajulikana. Kila Jumamosi, baada ya muziki wa bendi, alisoma redioni mafundisho ya hekalu kwa Kihunsrik, na wazee waliokuwa wakitutazama kwa jicho la pembeni wakaanza kupanda mlima na vikapu vya mayai. Kosa lake kubwa nalo linajulikana. Alimtafsiri yak, mnyama wa milima ya Tibeti, kuwa "ng'ombe mwenye manyoya", na simu zikamiminika redioni: anatoa maziwa lita ngapi? Mwalimu alicheka hadi akashika ukuta. Kwa Kitibeti, yak ni dume; jike ana jina lake.

Lakini kazi yake kubwa kuliko zote haikuchapwa wala kurushwa hewani. Niliishuhudia mwenyewe, nikitia kuni katika jiko la mama yake.

Mama Hedi, mamake Nelci, aliishi ng'ambo ya ua wetu. Alikuwa akimletea Mwalimu mkate mtamu, na mchana walikaa barazani wakipokezana kibuyu cha chai ya majani ya huku, iitwayo mate, na maneno machache. Mwalimu alipougua, ugonjwa ulimvua lugha moja moja: Kireno kwanza, kisha Kihunsrik chake, mpaka akabaki na Kitibeti cha utotoni. Alasiri aliyofariki, Nelci alikuwa amekwenda mjini Porto Alegre kuchukua dawa. Aliyekuwa kando ya kitanda ni Mama Hedi peke yake.

Dada yake Mwalimu, Bi. Dolkar, alikuwa ametoka Tibeti hadi Nepali, akahangaikia karatasi za safari kwa muda mrefu. Alifika tukiwa tumekwisha kuuchoma mwili wa Mwalimu. Hakuuliza habari za hekalu wala za ibada. Aliomba kupelekwa kwa mtu aliyekuwa na mdogo wake mwishoni.

Wakaketi wale ajuza wawili karibu na jiko, Nelci katikati.

"Mwambie alikuwa mkaidi kama nyumbu," Mama Hedi alianza. "Supu hataki, dawa hataki."

Nikamwona Nelci akisita. Kwa Kitibeti, marehemu mtawa husemwa kwa maneno ya heshima, na neno nyumbu halimo. Akavuta pumzi, akamtafsiri nyumbu kama alivyo. Bi. Dolkar akapiga goti lake kwa kofi. "Ndiye! Ndiye huyo! Alipokuwa mdogo nilimziba pua ili anywe dawa."

"Akasema nini?" Bi. Dolkar akauliza kisha. "Alisoma dua?"

"Dua sijui, mwanangu, mimi sisikii lugha yao," Mama Hedi akamwambia binti yake. "Lakini neno moja nililielewa vizuri. Alikuwa anatetemeka, anasema 'shali, shali'. Basi nikavua shali yangu, ile ya sufi, nikamfunika mpaka mabegani. Akatulia. Mwambie hakufa na baridi."

Kwa Kihunsrik shali huitwa karibu vivyo hivyo. Nelci alifungua mdomo atafsiri, akaufunga. Akamgeukia mama yake.

"Mama, alisema 'shali' au alisema 'achala'?"

"Hivyo hivyo. A-shali, a-shala. Alikuwa hana pumzi, mtoto wangu."

Nelci akaanza kulia. Angeweza kuliacha lile neno lipite, nani angejua? Akamwambia mama yake kwanza, kwa Kihunsrik: "Achala maana yake dada. Dada mkubwa. Alikuwa anamwita huyu." Kisha akayageuza yote kwa Kitibeti, neno kwa neno, shali na achala.

Mama Hedi alijiinamia. "Ala! Kumbe hakuwa na baridi. Na mimi nilivyojisifu kuwa nimemwelewa."

 Bi. Dolkar akaushika mkono wa Mama Hedi, akausemesha mkono huo, si Nelci. Nelci alitafsiri kwa sauti ya chini: "Mama yetu alipokwenda malishoni, mimi ndiye niliyembeba. Nilimfunga mgongoni kwa shali ya sufi. Alipolia 'achala', alikuwa anataka kufungwa. Dada, ulimpa alichokiomba."

Hakuna aliyehitaji mkalimani baada ya hapo. Nilitoka kwenda kutafuta kuni ambazo hazikuhitajika.

Mama Hedi ametutoka, na Bi. Dolkar alirudi Nepali. Sasa Bi. Nelci anahamia Porto Alegre kwa binti yake, orofa ya tisa, ambako wajukuu wanasema Kireno tu. Tulimuuliza anataka zawadi gani. Saa ya ukutani? Safari? Alisema anataka mtu ampigie simu Jumapili, amwambie kwa Kihunsrik kama mvua imenyesha, na viazi vimetokaje mwaka huu.

Bi. Nelci, ahsante kwa kila neno ulilokataa kulipaka sukari. Nenda salama, ukae na wajukuu kwa afya na furaha. Simu yako italia Jumapili hii, na nyingine, na nyingine. Mvua, kwa taarifa yako, bado.

Valdir Dapper
Chumba cha Tafsiri