Bi. Estery Namalomba wa kipindi cha "Hapa ni Wapi?"

Ndugu, jamaa na majirani, nimepewa kazi ya kusoma maisha ya mama yetu. Mimi ni Tamandani, mtoto wa dada yake, na kwa desturi yetu hiyo maana yake ni mwanawe. Naomba mnivumilie, kwa kuwa mwenyewe aliagiza yasomwe yote, yasirukwe.

Marehemu Bi. Estery Namalomba alizaliwa tarehe 14 Aprili 1943 katika kijiji hiki, chini ya mlima Mulanje, akiwa mtoto wa pili wa marehemu Mzee Handisoni na marehemu Bi. Ellesi, wachuma chai. Bibi yetu alikuwa akisimulia kwamba huyu mtoto hakupenda kuchezea kitu chochote; alipenda kukaa jikoni akiwa kimya. Kinu kikilia kwa jirani, angesema, "Leo anatwanga mama Fanesi, na amenuna." Watu wakienda kumchungulia mama Fanesi, kweli wanamkuta amenuna.

Alianza masomo mwaka 1950 katika shule ya misheni. Mwalimu Sitolo alimkuta siku moja amekaa bila kuandika.

"Namalomba, unafanya nini?"

"Nasikiliza, mwalimu."

"Unasikiliza nini, nami sijasema neno?"

"Viatu vyako, mwalimu. Cha kushoto kina msumari."

Darasa zima liliangua kicheko. Mwalimu akavua kiatu, akaigeuza soli, na msumari ukawa pale pale. Alimaliza kidato cha pili mwaka 1961 huko Blantyre, akilala kwa Mjomba Layford, kaka wa mama yake, aliyekuwa fundi cherehani Limbe. Karo alilipa Mjomba. Blauzi za shule alishona Mjomba.

Mwaka 1963 aliajiriwa kuunganisha simu, na mwaka 1966 akahamia redioni. Huko ndiko alikoanzisha kipindi ambacho wengi wenu wenye umri mnakikumbuka, "Hapa ni Wapi?" Kilikuwa robo saa kila Jumapili baada ya chakula cha mchana, na ndani yake hakuna mtu aliyetangaza. Ulisikia mahali tu: kinu cha mashine cha Ndirande kikianza kukohoa asubuhi, mizani ya kliniki ya watoto na akina mama wakitaniana, kinyozi na mkasi wake chini ya mti, mvua ya chiperoni, yale manyunyu yetu ya baridi, ikidondoka juu ya majani ya chai. Wasikilizaji walitakiwa kukisia ni wapi. Watu walibishana hadi chakula kikapoa. Alipoulizwa kwa nini asirekodi kwaya, kama wenzake, alijibu kwamba kwaya hujipanga ili isikike, naye alipenda vile ambavyo havijui kwamba vinasikika.

Mashine ya kurekodia ilikuwa nzito kama beberu. Mbebaji wake alikuwa Bw. Wyson Matekenya, kijana mpole wa maktaba ya kanda za sauti pale redioni. Marehemu alikuwa akimtania: "Wyson, weka chini polepole, na usipumue kama ng'ombe, Jumapili wataniuliza hilo zizi liko wapi." Walifunga ndoa Limbe tarehe 9 Agosti 1969. Mshenga wa upande wetu, aliyesimama mbele ya watu akaahidi kuilinda ndoa hiyo, alikuwa Mjomba Layford. Walijaliwa watoto wawili, Ulemu na Mphatso.

Mwezi Juni 1974 marehemu alikwenda kurekodi kwenye baraza la kushonea la Mjomba. Cherehani zilikuwa nne, pasi ya mkaa, baiskeli zikifunga breki mbele ya ngazi. Wiki ile mafundi walikuwa wakishona vitambaa vya akina mama wa chama, vile vyenye picha ya mkubwa wa nchi kifuani na mgongoni. Mashine ya kurekodia ikiwa inazunguka, mteja mmoja akauliza kama rangi inadumu. Mjomba, ambaye utani ulimtoka kama jasho, akasema, "Hii sura ukiifua mara tatu inafutika. Subirini tu, mvua zinakuja." Baraza zima likacheka, na yeye akacheka kuliko wote.

Marehemu aliyakata maneno hayo kabla ya kutangaza. Kanda ya kwanza, yenye maneno yote, ilibaki nyumbani. Alimwambia mumewe, "Ile ya kwa Mjomba uifute leo hii." Kesho yake akamuuliza. Mumewe akajibu, "Nimefuta."

Julai, Mjomba alichukuliwa barazani kwake mchana, futi ya kupimia ikiwa bado shingoni. Hakuna aliyeambiwa alikopelekwa. Ukoo ukaulizana: nani aliweka mashine pale? Estery. Nani alikula chakula cha redio? Estery. Alipokuja hapa kijijini kueleza, mama yake mzazi alimzuia mlangoni. "Umemla ndugu yangu. Sasa umekuja kunila mimi?" Bibi Ellesi alifariki Machi 1976. Marehemu alisimama kule barabarani tangu jeneza lilipotoka hadi watu walipotawanyika, na hapakuwa na mtu aliyemletea hata maji. Ukoo uliofanya hivyo ndio huu uliokusanyika leo.

Miaka yote hiyo aliyembembeleza alikuwa mumewe. "Watachoka, mama Ulemu. Ipo siku watajua." Alimfuta machozi. Alimpikia uji alipokataa kula. Mwaka uleule wa 1974 alikuwa amepandishwa cheo na kuwa mkuu wa maktaba ya kanda, na marehemu akashukuru Mungu kwamba nyumba yao haikukosa baraka yote.

Mjomba Layford aliachiliwa Septemba 1977. Mguu mmoja haukukunjika tena. Hakupitia kwake, alikwenda moja kwa moja kwa Estery, Jumapili asubuhi, akakaa barazani, akakataa kuingia ndani.

"Walinisikilizisha kanda," alimwambia. "Nikajisikia nacheka. Nikasema moyoni, mtoto wangu amenifanyia nini? Halafu mwisho wa kanda kulikuwa na mtu anawaeleza. Anasema, 'Huyo anayecheka ndiye fundi mwenyewe, mjomba wa mke wangu.' Estery, wewe una mke?"

Marehemu hakulia. Alisonga nsima, ugali wetu, akapanga samaki wadogo wa usipa kwenye sahani, akangoja mumewe atoke kanisani. Alipokuwa ananawa mikono, akamuuliza.

"Wyson, ile kanda uliifuta?"

"Kanda ipi tena?"

"Mjomba yuko barazani. Umempita ukiingia, hukumtambua."

Bw. Matekenya akasema, "Walinifuata wao. Walishajua unazunguka na mashine. Ningefanyaje?"

"Ungeniambia."

"Ungenizuia."

"Mama yangu amezikwa nikiwa barabarani. Ulinishika mkono, Wyson. Ulikuwa unanishika mkono wa nini?"

"Nilikuonea huruma."

Hapo marehemu aliinua sahani iliyokuwa mbele ya mumewe, akaitoa nje, akampa Mjomba. Bw. Matekenya aliondoka jioni ile na baiskeli yake.

Mjomba alikuja hapa kuwaeleza wazee. Pombe ya upatanisho ilipikwa, kuku akachinjwa, marehemu akaitwa. Alikuja, akawasikiliza wote wakisema walighafilika, kisha akajibu sentensi moja: "Mama hakusikia." Kuku hakumgusa.

Mwaka 1978 kipindi chake kilifungwa. Kanda zilisemekana ni haba, zote za kipindi hicho zikarekodiwa upya nyimbo za mikutano. Mkuu wa maktaba ndiye aliyetia sahihi. Marehemu aliacha kazi, akarudi Mulanje, akaunganisha simu katika shamba la chai hadi alipostaafu mwaka 1998. Alimtunza Mjomba Layford hadi kifo chake mwaka 1989. Serikali zilipobadilika, kijana mmoja kutoka mjini alimfuata na kimashine kidogo, akimsihi warudishe kile kipindi. Alimkaribisha vizuri, akampa thobwa, togwa yetu ya nafaka. "Kaa hapa usikilize mpaka jua lizame," alimwambia. "Lakini hiyo iache garini." Hakushika mashine tena maishani mwake.

Presha ilimwanza mwaka 2005. Tarehe 19 Februari mwaka huu wa 2009 alipooza upande wa kulia, akapelekwa hospitali. Alhamisi tarehe 5 Machi, Ulemu akiwa amemshika, alifumba macho. Alikuwa na umri wa miaka sitini na mitano.

Marehemu ameacha watoto wawili, wajukuu watano, dada mmoja, na sisi watoto wa dada. Ameacha pia mtu mmoja ambaye jana alimwomba Ulemu aandikwe kwenye programu "mume wake mpenzi". Hatukuandika hivyo. Lakini mama alisema Wyson atakuja, na akija asifukuzwe, apewe kiti, asomewe yote mbele ya watu, ndipo jina lake lisomwe pamoja na wengine. Bw. Wyson Matekenya, umekaa kwenye kiti hicho. Nimesoma jina lako.

Mama Estery, pumzika sasa. Mungu akupe kimya cha amani.