Kura ya Mama Harkamaya

Baridi ya Ohio ilimfanya Tulasa ajifunike shali hadi puani, ndiyo maana wazee wawili waliokaa mbele yake basini hawakumtambua. Kwa miaka mingi aliwapeleka hospitalini wakimbizi wenzake waliotoka Bhutan, akawatafsiria Kinepali chao kwa madaktari. Asubuhi hiyo alikuwa anakwenda kuapishwa kuwa mbunge wa jimbo.

"Sasa goti langu nani atalisemea kwa daktari?" Mama Harkamaya alilalamika. "Binti waliyeniletea juzi kasema naumwa jino!"

"Dada, Tulasa tumemtuma akatunge sheria, si akushike mkono," mzee Dilliram akamjibu. "Kwani ulimpigia kura ili akae kwako?"

"Nani kakwambia nilimpigia? Nilimpa yule mzungu."

Tulasa akaivuta shali hadi machoni. Ni yeye aliyemfundisha mama huyo, jioni baada ya jioni, mpaka akafaulu mtihani wa uraia na kuipata hiyo kura.

"Ala! Mzungu anakujua?"

"Hanijui, wala sitaki anijue. Angeshinda yeye, Tulasa angebaki wangu."

"Huo ni uchoyo, dada."

"Wachoyo ni nyinyi mliomnyang'anya!"

Basi likasimama mbele ya bunge. Tulasa alipopita, Harkamaya alimshika kiwiko. "Taratibu, mwanangu, kuna barafu."

"Asante, mama," Tulasa akajibu kwa Kinepali ndani ya shali, akashuka.

"Umemwona yule?" Harkamaya akamgeukia mwenzake. "Wenye adabu bado wapo. Si mngemchagua huyo!"