Landrova ya Ojiambo Inarusha

Benchi letu la Malaba mpakani, kando ya foleni ya malori, lina miguu mitatu na tofali moja, na lina wataalamu wa kila kitu ila kazi. Asubuhi moja ya mwaka wa sabini na nane, Mzee Ojiambo alifika hapo na Landrova yake kuukuu, mkono kiunoni. Kesho yake mtu wa Khunyangu angekuja kuinunua. Ojiambo hakutaka kuiuza hata kidogo. Miaka kumi aliiendesha na mkewe Leonida, waliyemzika juzijuzi tu. Lakini gari lilikuwa limeanza kumtupatupa, na mgongo wake haukuweza tena. Alitafuta mtu mmoja tu wa kumwambia linatengenezeka.

— Hiyo ni shokamzoba, zile za kumeza mashimo, akasema Spana, aliyeitwa hivyo kwa sababu aliazima spana mwaka wa uhuru na hajairudisha.

— Nimeweka mpya.

— Basi zinavuja. Maji yakimwagika hayazoleki.

— Mpya, boss. Nimekuambia.

— Ni upepo, akasema Kastomu, aliyewahi kubeba mizigo forodhani na bado huongea kama ana muhuri mfukoni. Umejaza mwingi kwa magurudumu.

— Nimepunguza. Bado kichwa kinagonga paa.

— Basi chesisi inaoza, huo uti wa gari, akasema Kastomu. Kikulacho ki nguoni mwako.

— Fundi ameangalia. Haina kitu.

Spana akavuta kahawa kwa kelele.

— Wacha niwaambie. Ni hii maneno ya Jumuiya ya Afrika Mashariki. Tangu ivunjike, hii gari haivuki kwenda Tororo. Gari ni kama ng'ombe. Inaruka kutafuta malisho yake.

— Hapo umesema, akadakia Kastomu. Ama barabara imenenepa. Malori ya ng'ambo yanaikanyaga kule, inasukumika inakuja kwetu.

Ojiambo alicheka nao. Zamani upuzi wao aliupeleka nyumbani, Leonida akacheka mpaka akashika meza. Siku hizi hakuwa na wa kumsimulia, na hilo lilimuuma kuliko mgongo.

Mama Apio, mwenye kahawa, alikuwa akiwasikiliza. Aliinamisha birika, likatoa masimbi ya chini tu.

— Mzee, hizo springi za nyuma si uliongeza vyuma?

— Viwili kila upande. Leonida ndiye alitaka. Magunia yake ya muhogo yalikuwa yanalaza gari.

— Alikuwa anapakia mangapi kwenda sokoni Amukura?

— Sita.

— Na leo umebeba nini?

Ojiambo akageuka kutazama nyuma ya gari: tupu, na springi zimekaza bila mzigo. Spana alichungulia kikombe. Kastomu akageukia malori.

Jioni ile Ojiambo alitoa magunia ya Leonida, yaliyokuwa yamekunjwa jikoni, akayajaza mchanga wa mtoni, yote sita. Akayapakia peke yake, akipumzika baada ya kila moja. Akaenda hadi Amukura na kurudi. Gari likatulia kabisa, na njia nzima hakugeuka kuangalia kiti cha kushoto, alipokuwa akikaa Leonida.

Asubuhi mtu wa Khunyangu akabisha.

— Haiuzwi, Ojiambo akamwambia. Imepona.

Mgeni akazunguka nyuma, akabonyeza gunia moja kwa kidole.

— Na huu mchanga, mzee, unampelekea nani?

Ojiambo akabaki ameshika mlango wa gari, ule wa kiti cha Leonida.