Dada Yetu Mwandishi na Msomaji Aliyemsubiri

Dada yetu tunayemzika leo alizaliwa tarehe 3 Agosti 1964, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya stesheni ya treni, akiwa mtoto wa pili kati ya watatu. Baba alikuwa mpaka rangi wa mabehewa, na mama alifua mashuka ya hospitali. Aliyemtangulia ni kaka yetu, fundi cherehani, na aliyemfuata ni mimi ninayewasomea. Mniwie radhi mapema. Nasoma mbele ya wasomaji wake, watu waliomtoa jasho kwa maoni yao. Shangazi yetu alinishauri, "Mwanangu, taja kuzaliwa, taja kufa, ya katikati yaruke." Nimejaribu, nikashindwa. Hayo ya katikati ndiyo yaliyomnyima dada usingizi.

Alianza shule ya msingi ya mtaani kwetu mwaka 1972, kisha akaenda sekondari ya wasichana ya bweni hadi mwaka 1983. Hesabu zilimpiga chenga, lakini kwenye insha hakuwa na mpinzani. Siku moja aliandika kuhusu mzee aliyemzika punda wake kwa heshima zote, na mwalimu wa Kiswahili akamwita mbele ya darasa akamuuliza, "Hii ni kweli au umetunga?" Dada akajibu kwamba ametunga. Mwalimu, ambaye tayari alikuwa amefuta machozi, akampunguzia alama. Alirudi likizo amenuna, akituambia kwamba watu hawapendi kulizwa na kitu ambacho hakikutokea.

Mwaka 1986 aliajiriwa katika kiwanda cha uchapaji, kazi yake ikiwa kusoma nakala za mwanzo na kusahihisha makosa kabla mashine hazijawashwa. Alisahihisha kalenda, vitabu vya shule, hata lebo za dawa ya kuua mende. Hadithi zake aliziandika nyumbani, na kabla mswada haujaenda kwa mchapishaji aliupeleka saluni. Mama wa saluni, rafiki yake wa tangu utotoni, alimwekea kiti karibu na draya, naye akawasomea wanawake waliokuwa wakikaushwa nywele. Alisema mtu mwenye rola kichwani hana pa kukimbilia.

"Huyo mume muue mapema, anatuchosha!" mmoja alimwambia.

"Akifa mapema kodi ya nyumba atalipa nani?" mwingine akadakia.

Aliyekuwa ndani ya draya hakusikia hata nusu, naye akatoa maoni kama wenzake, tena kwa sauti kubwa zaidi. Dada aliyachukua yote. Alirudi nyumbani akiwa na hofu, akaandika upya, akarudi tena saluni. Sijawahi kuona mtu anayeogopa maoni kiasi kile na bado anayafuata kwa miguu yake.

Riwaya yake ya kwanza ilitoka mwaka 2011. Ndani yake yumo fundi cherehani anayewakatia wateja vitambaa vyao na kubaki na vipande kwa siri. Kitabu kilipendwa, na hapo ndipo balaa lilipoanza, maana kila aliyekisoma, na hasa kila asiyekisoma, alimjua fundi huyo. Walisema lisemwalo lipo. Wateja wakaanza kusimama juu ya kichwa cha kaka yetu akiwa ameshika mkasi. Mama mmoja aliyekuwa anamwoza binti yake alikuja na futi yake mwenyewe, akaketi kwenye stuli mpaka gauni likaisha. Vijana wakipita walimtania, "Fundi, leo umeshiba vitambaa?" Kaka akashusha kibao chake cha mlangoni, akaja kwa dada, akamwambia neno moja tu: "Umeniuza."

"Kaka, ile ni hadithi."

"Wanaoisoma wanasema ni mimi."

"Basi isome wewe mwenyewe. Akili ya kuambiwa, changanya na yako."

"Mtu hasomi matusi yake," akasema, akaondoka. Kwa miaka kumi na mbili hakukanyaga kwake. Kwenye shughuli za familia shangazi aliwakalisha kila mmoja upande wake, na sisi wengine tulikula haraka haraka tuondoke kabla mtu hajataja vitabu.

Baada ya hapo dada hakuandika tena riwaya kwa muda mrefu. Aligeukia kukusanya na kuhariri hadithi fupi za waandishi wenzake, na mikusanyo minne ilitoka chini ya usimamizi wake. Mwalimu mmoja wa fasihi, ambaye sifa zake huchapwa kila mara kwenye majalada ya nyuma ya vitabu na sitashangaa nikimwona hapa leo, alisema utangulizi wake umenona kuliko hadithi zenyewe. Muuza magazeti wa kona yetu alisema mikusanyo ni bora kuliko riwaya, kwa kuwa ukichoshwa na mwandishi mmoja unarukia kwa mwingine. Wengine walisema amepoa, amekuwa mwoga. Hao walipatia. Aliniambia mwenyewe kwamba kwenye hadithi za wengine anapumua, kwani zikimuudhi mtu, si ndugu yake.

Nimeruka ndoa, na shemeji yangu ananijua nilivyo, atanisamehe. Dada alifunga ndoa tarehe 17 Desemba 1988 na mwokaji mikate, mtu anayeamka kabla ya jogoo na anayelala akiwa ameshika kitabu. Kila kazi ya mkewe aliianza kwa moyo mmoja na akasinzia ukurasa wa kwanza. Alipoulizwa kitabu amekionaje, alijibu kwa dhati, "Mwanzo wake ni mzuri sana." Dada alisema hiyo ndiyo nyumba pekee ambamo aliweza kula chakula chake bila maoni. Mungu aliwajalia binti na mvulana, na wote wawili wanasoma mpaka mwisho.

Kisukari kilimpata mwaka 2015. Alikibeba kimya kimya, lakini mwaka jana kilimgusa macho, kisha figo, na mwezi Januari alilazwa hospitali ya wilaya, wodi ya wanawake, kitanda cha dirishani. Hakuweza tena kusoma. Wasomaji wake walikuja kwa zamu kumsomea, na mama wa saluni alikuja na kitana, akimsuka huku akimweleza nani kasema nini. Kila mgeni alipoondoka dada aliniuliza jambo lile lile: kaka ameshasoma? Nilimjibu sijui. Alikuwa anajua kwamba najua.

Kisha mchana mmoja kaka akaingia wodini, miwani yake imefungwa uzi sikioni, na ile riwaya mkononi.

"Nimekuja kukusomea," akasema. "Sikuja kupatana."

"Soma, kaka. Ila usiruke."

Alisoma polepole, kidole kikifuata mstari kama anayepima mshono. Alikuja tena kesho yake na siku zilizofuata, na wauguzi wakawa wanakawia kwenye vitanda vya jirani ili wasikie. Mimi nilikaa mlangoni, nikimtazama usoni kila alipofungua ukurasa. Akafika sura ya tisa, ambako wengi wa waliokuwa wakisema hawakuwahi kufika. Humo fundi anaviunga vile vipande chumbani kwake, na vinakuwa sare za shule za wadogo zake wawili. Kaka alisoma mpaka hapo. Akafunga kitabu, akatoka nacho bila kuaga.

Dada alibaki ameelekeza uso mlangoni. "Amekasirika?" aliniuliza. "Ulimwona uso? Nimekosea kuiandika?" Nilimwambia atarudi. Nilipiga simu ya kaka, haikupokelewa. Kila viatu viliposikika koridoni dada aliinua kichwa, na kila mara ilikuwa muuguzi au mgeni wa mtu mwingine. Aliaga dunia asubuhi ya tarehe 9 Machi 2024, shemeji akiwa amemshika mkono. Nasema wazi kwamba ilituuma, kwa kuwa aliondoka bado akisubiri.

Hata maneno haya yalipopelekwa kuchapwa, kaka alikuwa hajapokea simu ya mtu yeyote. Mpiga chapa aliniuliza kama amwandike miongoni mwa waliobaki au amwache. Nilikuwa bado nimesimama pale kaka alipoingia na kitabu kwapani. Mashine zilikuwa zinapiga kelele, ikabidi aseme kwa sauti, na watu wote wa karakana wakasikia. Alisema anataka maoni yake yachapwe hapa, naye ayatoe kama msomaji. Nimeyaandika kama alivyoyatamka.

Marehemu ameacha mume, binti, mvulana, wajukuu watatu, shangazi, mdogo wake wa kike, marafiki wa saluni na wa kiwandani, na wasomaji ambao idadi yao hatuijui. Ameacha pia kaka yake, ambaye anasema hivi: "Nimekisoma chote. Fundi yule ni mimi. Vile vipande nilivikata kweli, na kwa ajili ya wadogo zangu ningevikata tena. Sikujua kwamba alijua. Nilitoka wodini kwa kuwa sikutaka anisikie nikilia, nikadhani kesho ipo."

Ee Mwenyezi, mpokee dada yetu umpe pumziko, na wasiwasi wake wote uishie hapa tunapomlaza.