Gari Lisiloonja Mvua

Manyunyu yalikuwa mepesi hata njiwa wa Stuttgart hawakujisumbua kujificha, lakini Bwana Häberle alikwenda kumpokea mnunuzi wake stesheni kwa basi. Wakati wa kurudi, mkewe Hedwig alikaa nyuma yao basini, mwavuli mapajani.

"Sasa hiyo Porsche unayouza, mbona hukuja nayo?" mnunuzi, kijana Torben, akauliza.

"Kwenye mvua hii? Gari langu halijaonja tone tangu nilinunue, bwana mdogo. Nalitoa Jumapili kukiwa na jua, nalifuta vumbi, naliwasha, tunasikilizana kidogo, nalirudisha ndani."

"Mimi nitakwenda nalo kazini, mzee."

Häberle akashika kifua kama mtu aliyeletewa posa na mlevi. "Basi sikuuzii."

Hedwig, aliyekuwa ameshaipangia gereji ya gari hilo kamba za kuanikia nguo, akaona biashara inaota mbawa. Akainama mbele. "Usimtishe mgeni, Lothar. Mbona mimi niliwahi kulipanda?"

"Ulipanda," mumewe akakubali shingo upande, "lakini ulivua viatu."

"Na soksi," Hedwig akasema.

Basi liliposimama Torben alikuwa wa mwisho kushuka, maana alikuwa ameinama analegeza kamba za buti zake.