Mzee Alfayo Auacha Mlango wa Stoo

Baada ya miaka kumi na mmoja ya kuwa mzee wa kambi yetu ya wachuma chai, Alfayo Okello anastaafu leo Ijumaa, tarehe 28 Agosti 1936. Mimi, karani wa mizani, nimeombwa niandike sifa zake. Nimezitafuta kweli. Nilizopata ni hizi.

Mwaka 1925 meneja alitaka kambi ichague mtu wa kupima posho ya unga na kutusemea mbele yake. Njia ilikuwa rahisi hata kwa kuku: wanaotaka kazi wasimame uwanjani, na kila mtu apange laini nyuma ya anayemtaka mpaka ahesabiwe. Kebaso, aliyeahidi kipimo cha haki, alisimama katikati ya uwanja, kwenye matope. Alfayo, kichwa hicho, akauegemea mlango wa stoo ya posho.

Ilikuwa Jumamosi, siku ya posho, na watu wetu wakiona laini mbele ya stoo hawaulizi. Walitoka shambani na vikapu mgongoni, wakajipanga na mifuko wazi mikononi, wakasukumana, wakahesabiwa. Alfayo akawa mzee wa kambi kabla hawajatambua kwamba mlango haufunguliwi. Lo! Wengine walijua vizuri kwamba ni kura, wakaifuata laini ndefu kwa kuwa ni ndefu. Na wale werevu kupita wote walibaki vibandani, wakisema mtu mmoja haongezi wala hapunguzi. Hao werevu peke yao wangetosha kumpa Kebaso ushindi.

Beldina Akeyo alisimama nyuma ya Kebaso, mtoto mgongoni, ingawa Alfayo ni mtu wa kwao. Alisema unga hauna ukoo. Tulimcheka.

Kazini Alfayo alikuwa fundi. Kopo la posho aliligonga kitako kwa nyundo mpaka kikaingia ndani, na tangu hapo unga wa wiki ukawa unaisha Alhamisi. Beldina alipomlilia kwamba watoto wanalala na chai ya mkandaa, isiyo na maziwa, alimshauri apike uji mwepesi. Kwa meneja alikwenda mara nyingi kutusemea, na kila mara alirudi na koti jipya. Choo tulichoomba hatujapata, lakini makoti tumeyaona. Inaniuma kuandika haya, na inaniuma zaidi kwamba mtu huyu hakuiba kiti. Tulimpa.

Kesho tunachagua mwingine. Tangu Jumatatu mpwa wake, Phelix, ameonekana akiuegemea mlango uleule, akipiga mluzi. Basi nisikilizeni, jamani: posho ya kesho imetolewa leo. Kesho stoo haifunguliwi, hata mkipanga laini mpaka Krismasi. Acheni mifuko nyumbani, mje wenyewe, wake kwa waume. Usitazame urefu wa laini, tazama uso wa aliyesimama mbele yake. Ukishachagua, simama hapohapo mpaka uhesabiwe, na mvua ikinyesha, lowa. Kebaso atakuwa kwenye matope yake ya siku zote.

Mzee Alfayo, asante kwa somo, ingawa karo yake tuliilipa kwa matumbo ya watoto. Zawadi yetu Beldina ameifunga vizuri kwenye leso: ni lile kopo. Tunakutakia maisha mema huko kwenu Nyakach, na kila utakachopimiwa, baba, upimiwe nalo.